Datsun 240Z inatikisa usukani? Fumua miguu yote ya mbele, na bushi uzikaze gari ikiwa chini

Wakuu, kama una 240Z na ukifika spidi 80 kwenda 100 usukani unatetemeka kama umeshika mashine ya kusaga, ukivuka 110 unatulia kidogo, ukikanyaga breki gari inavuta upande, na kila tuta unasikia ko ko ko chini ya miguu yako, naomba kitu kimoja tu, usiipeleke alaimenti (kusetiwa mwelekeo wa matairi). Bado. Alaimenti kwenye bushi (ile mipira ya kwenye maungio ya miguu ya gari) zilizokufa ni hela ya bure kwa sababu unaseti kitu kinachocheza, ukitoka tu getini kishahama.

Mimi niliipeleka mara tatu. Gari alikuwa nayo baba mdogo, imelala Moshi chini ya turubai miaka na miaka, nilipoishusha Dar nikabadilisha matairi, nikafanya balansi, nikalipa alaimenti, ikatulia wiki moja ikarudi pale pale. Mara ya pili wakaniambia rimu, mara ya tatu wakaniambia "mkuu hizi gari za zamani ndo zilivyo". Sio kweli hata kidogo. Hii gari ilishinda mbio za Safari Rally mara mbili, 1971 na Herrmann na Schüller, 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews (hiyo ya 1973 Mehta na Källström walimaliza pointi sawa kabisa ikabidi watafute namna ya kuwatenganisha), na barabara za wakati ule mnazijua au mmesimuliwa, vumbi, matope na mawe. Gari iliyotengenezwa kwa miguu mibovu isingefika hata Nakuru. Tofauti ni kwamba zile zilikuwa na mafundi wanaisubiri njiani na spea mkononi, ya kwako haijafunguliwa bushi tangu Nyerere yuko Ikulu.

Basi ntaelezea nilivyofanya yangu, na kosa kubwa nililolipia hela ili wewe usilipie.

Kwanza uelewe kilichopo mule ndani maana ni kitu rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila upande wa mbele una strati, yaani shokapu na springi vimekaa pamoja kwenye bomba moja, juu imeshikwa na nati tatu kwenye bodi, chini inakaa kwenye boljointi, yaani kiungo cha duara kinachoruhusu tairi kugeuka. Boljointi imefungwa kwenye amu ya chini, amu inakuja mpaka kwenye kroosi memba, yaani chuma kilichokingama chini ya injini, na pale katikati kuna bushi moja ya mpira. Halafu kuna fimbo ya chuma inatoka kwenye amu inaenda nyuma mpaka kwenye chesisi, mwisho wake una bushi mbili za mpira, moja mbele moja nyuma ya kikombe cha chuma kilichopo pale kwenye chesisi, hiyo ndo inazuia tairi lisirudi nyuma ukifunga breki. Kuna stabilaiza inayounganisha kushoto na kulia. Kuna raki ya usukani imekaa juu ya kroosi memba kwenye mipira yake miwili, na tairodi zake, zile fimbo zinazogeuza matairi. Basi, hayo ndo yote. Kila palipo na mpira pamekufa, hata kama ukiangalia unaona mzima, mpira wa miaka 50 ukiubonyeza na bisibisi unakatika kama andazi la jana.

Kabla hujafungua chochote pima ujue kinachocheza ni nini. Inua mbele, weka stendi chini ya chesisi, na nasema stendi, sio tofali wala gogo la mwembe, tofali la saruji linapasuka bila kukuaga. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akae ndani akanyage breki halafu utikise tena. Kucheza kukiisha ni beringi za hubu, kukibaki ni boljointi au strati yenyewe. Shika kushoto na kulia utikise, hapo unatafuta tairodi na raki, mwambie mwenzako aangalie raki yenyewe kama inatembea kwenye mipira yake, yangu ilikuwa inatembea kama droo ya kabati kwa sababu injini ilikuwa inavuja oili miaka yote inadondokea pale na oili ikaila mipira yote ikawa kama jeli. Halafu chukua mtaimbo au chuma kirefu, sukuma ile fimbo pale kwenye kikombe chake. Ikisogea kirahisi umeshapata sababu ya gari kuvuta ukifunga breki.

Spea sasa. Usinunue kimoja kimoja, nunua seti nzima, bushi za amu mbili, bushi za fimbo seti mbili, bushi za stabilaiza na linki zake, mipira ya raki, boljointi mbili, tairodi endi mbili, beringi za hubu na sili zake, katriji mbili za shokapu (shokapu mpya nzima inayoingia ndani ya bomba la strati), na ile mipira ya juu ya strati kama imepasuka. Unaagiza nje, watu wanaouza vitu vya Z wapo wengi tu Marekani, Japani, Uingereza na Australia. Ukiagiza hakikisha unawaambia ya mwaka gani na usukani wa kulia. Kuna watu watakwambia nenda mtaa wa Gerezani hapa Dar ukachongewe bushi za nailoni. Mafundi wa kuchonga wa Gerezani nawaheshimu sana, wamenichongea vitu vingi, lakini bushi ya amu ya hii gari ni mpira uliogandishwa kwenye chuma ndani na nje, kazi yake ni kujisokota, nailoni haijisokoti, inagonga na kulia. Mimi nilikataa.

Na kuna habari ya polyurethane, zile bushi ngumu za rangi rangi. Hapa sikiliza vizuri kwa sababu ni suala la usalama. Kwenye ile fimbo, watu wanaweka polyurethane mbele na nyuma ya kikombe wanasema gari imekuwa ngumu kama ya mashindano. Tatizo ni kwamba amu ikipanda na kushuka fimbo inatakiwa iinamie juu na chini pale kwenye kikombe, mpira unairuhusu. Ukiweka ngumu pande zote mbili fimbo haiwezi kuinama pale, kwa hiyo inapinda yenyewe, kidogo kidogo, kila shimo, mpaka siku inakatika karibu na nyuzi zake. Ikikatika ukiwa unafunga breki tairi linarudi nyuma linaingia kwenye fenda. Hii imewakuta wenye Z wengi duniani. Kama unataka ugumu weka ngumu upande wa mbele tu, ndo inayobeba mzigo wa breki, nyuma ya kikombe acha mpira wa kawaida. Mimi niliweka mpira kote na sijajuta, barabara zetu hizi ugumu wa nini.

Kufungua

Siku moja kabla pulizia nati zote dawa ya kutu, jioni rudia. Piga picha kila kitu, hasa zile wosha za vikombe kwenye fimbo, mpangilio wake ukiukosea bushi haikai. Legeza nati za tairi gari ikiwa chini, inua, stendi, toa matairi.

Toa kalipa. Pale kuna paipu ya chuma inatoka kwenye kalipa inakuja kwenye kibano cha kwenye strati ndo inaungana na hosi ya mpira, kwa hiyo kama huwezi kuitoa yote pamoja ukaining'iniza na waya, fungua hosi, ziba mdomo, utatoa upepo wa breki mwishoni. Ila kalipa isining'inie kwenye hosi, kamwe. Kama hosi zenyewe ni za zamani badilisha tu ukiwa hapo hapo.

Tairodi endi, toa spliti pini, legeza nati lakini usiitoe yote, iache kwenye nyuzi chache. Wengi wanachukua ule uma wa kutenganishia wanaugonga, unatoka na mpira umechanika, sawa kama unabadilisha, lakini kuna njia nzuri zaidi: nyundo mbili. Moja unaiegemeza upande mmoja wa lile sikio la chuma, nyingine unagonga upande wa pili, sio kugonga nati wala nyuzi, unagonga sikio lenyewe. Mara ya tatu au ya nne linaruka lenyewe. Mzee mmoja fundi ndo alinionyesha hii, nilikuwa nimehangaika na uma nusu saa nzima, yeye akaja na nyundo zake mbili akamaliza kabla chai haijapoa.

Fungua linki ya stabilaiza, fungua bolti mbili zinazoshika fimbo kwenye amu, kisha nati kubwa ya nyuma kwenye kikombe. Fungua bolti mbili chini ya strati zinazoishika na mkono wa usukani. Weka jeki chini kidogo iegemee, panda juu kwenye boneti fungua zile nati tatu ndogo. TATU NDOGO. Ile nati kubwa ya katikati usiiguse hata kwa utani, springi iko imebanwa mule na ile nati ndo imeishikilia, ukiifungua hivi hivi inatoka kama risasi. Strati ikishatoka iweke pembeni. Halafu bolti ndefu ya amu inayopita kwenye kroosi memba, hii ndo inayoganda kuliko zote, yangu ilikuwa imeshikana na chuma cha ndani cha bushi, nikaishia kuikata na msumeno pande zote mbili. Agiza bolti mpya kabisa mapema, utanishukuru.

Kroosi memba yenyewe usiitoe kama huna sababu, mountingi za injini zimekaa juu yake, ukiitoa bila kuishikilia injini kwa juu unajitafutia balaa.

Bushi za amu

Ukiwa na presi au jirani mwenye presi ni dakika kumi. Ukiwa huna, njia ya nyumbani ni hii, shika amu kwenye jiliwa, toboa toboa mpira na drili mpaka chuma cha ndani kitoke, utabaki na ganda la chuma la nje limeshika ndani ya amu. Pitisha uwembe wa msumeno wa chuma ndani ya ganda, ufunge msumeno uwembe ukiwa ndani, kata taratibu kuelekea nje. Ukikaribia simama, unataka kukata ganda tu sio amu. Halafu tindo ndogo, linakunjika linatoka. Safisha tundu na msasa, paka grisi kidogo sana kwa nje ya bushi mpya, sukuma na jiliwa ukitumia soketi kubwa kuegemeza, sukuma kwenye ganda la nje usisukume katikati. Ikienda pinda toa anza upya, usilazimishe na nyundo.

Amu ikiwa mkononi iangalie kama imepinda, ziweke mbili sakafuni moja juu ya nyingine kama vioo. Angalia na zile fimbo. Hili lina umuhimu kwa sababu kemba (tairi kuinama ndani au nje) na kasta (strati kuinama mbele au nyuma) za hii gari kiwandani hazina sehemu ya kuseti. Hamna bolti ya kuzungusha. Kasta ni karibu digrii 3, kemba ni chanya chini kidogo ya digrii 1, ilivyofungwa ndo ilivyo. Kwa hiyo mtu wa alaimenti akikwambia "mkuu nimekuseti kemba", muulize kwa kutumia nini. Kama kushoto na kulia vinatofautiana sana maana yake kuna kitu kimepinda, amu, fimbo, strati, au gari liliwahi kugongwa mbele na bodi imesogea, dawa ni kutafuta kilichopinda.

Boljointi funga mpya. Kama ina kipulagi cha kuwekea nipo ya grisi (kale kachuchu ka kupitishia grisi) weka hiyo nipo, piga grisi mpaka mpira uvimbe kidogo basi.

Strati

Hapa lazima springi kompresa, mbili, nzima, moja upande huu moja upande ule zikitazamana. Kaza huku raundi mbili, kule raundi mbili, mpaka springi ilegee kwenye viti vyake. Usikae mbele ya springi, elekeza juu yake ukutani. Kuna jamaa wanafunga na mnyororo na jeki, nimeiona kwa macho, mimi siwezi. Springi ikishalegea ndo unafungua ile nati kubwa ya katikati, unatoa mpira wa juu na beringi yake, unatoa springi. Ile beringi ya juu ikiwa inakwaruza usukani utakuwa mzito na hautarudi wenyewe baada ya kona, safisha uweke grisi au badilisha.

Kwenye mdomo wa bomba la strati kuna nati kubwa ya duara, hiyo inahitaji spana ya bomba ndefu na moyo. Shika strati chini vizuri kwenye jiliwa, sio kwa kubana bomba katikati maana ukilibonyeza katriji haitaingia. Ikitoka, kama ni shokapu ya kiwandani itatoka na oili chafu yenye harufu kama samaki, mwaga yote, osha ndani na mafuta ya taa, kausha. Katriji mpya inaingia nzima nzima, haihitaji oili ili ifanye kazi, lakini mimina oili kidogo kwenye bomba kabla hujaiingiza, ili joto la katriji lihamie kwenye chuma cha nje lisibaki ndani. Ukimimina nyingi itafurika ukiingiza katriji, anza na kidogo. Katriji inakuja na nati yake mpya, tumia hiyo. Hakikisha haichezi ndani, ikicheza juu chini kuna wosha ya chini umesahau.

Springi za zamani kama hazijavunjika na gari haijainama upande, zirudishe. Sijui kwa nini kila mtu akifungua strati anataka kushusha gari. Ukishusha sana amu inainamia juu, usukani unabadilika tabia, na matuta ya mitaa yetu utayafahamu moja moja kwa jina.

Hubu na beringi

Hii watu wanaipuuza na ndo nusu ya ule mtetemo. Beringi ni mbili za konikali, ya ndani kubwa ya nje ndogo. Osha, angalia vikombe vyake ndani ya hubu, ukiona alama za mistari au rangi ya bluu badilisha zote, na kikombe kinaenda na beringi yake usichanganye. Grisi unaisukuma ndani ya beringi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili, sio kupaka juu kama siagi.

Kukaza sasa, kama una toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kaza newton-mita 25 mpaka 29 huku unazungusha hubu, izungushe raundi kadhaa huku na huku beringi zikae, kaza tena, halafu rudisha nati nyuma digrii 60. Digrii 60 ni upande mmoja wa nati yenye pembe sita, weka alama ya rangi uone. Zungusha, inatakiwa izunguke laini bila kukwama na bila kucheza ukitikisa. Tundu la spliti pini lisipokutana tafuta la karibu kwa kulegeza kidogo, usitafute kwa kukaza. Spliti pini mpya kila mara, ni shilingi ngapi hiyo.

Kurudisha, na pale penyewe

Unarudisha kinyume cha ulivyofungua, amu kwanza, fimbo, strati juu na nati zake tatu, bolti mbili za chini, tairodi, stabilaiza, breki. Mipira ya raki na bushi za stabilaiza kaza moja kwa moja hazina shida. Boljointi, tairodi endi na bolti za chini ya strati kaza kabisa, weka spliti pini. Lakini bolti ya amu ya kwenye kroosi memba na nati ya nyuma ya fimbo, hizo ingiza tu mkono mpaka zishike, UZIACHE.

Hapa ndo nilipoliwa. Mara ya kwanza nilibadilishiwa bushi hizi hizi, mpya kabisa, kwenye gereji moja hapa mjini, jamaa walifanya kazi safi, wakakaza kila kitu gari ikiwa juu ya jeki matairi yananing'inia, wakashusha, asante karibu tena. Miezi minne bushi zikawa zimechanika katikati na ko ko ko imerudi. Nikadhani ni bushi feki. Kumbe sio.

Angalia inavyofanya kazi. Ile bushi ya amu, chuma cha nje kimeshikwa na amu, chuma cha ndani ukikaza bolti kinashikwa na kroosi memba, kati yake ni mpira umegandishwa pande zote. Hakuna kinachozunguka. Amu ikipanda na kushuka mpira unajisokota. Sasa gari ikiwa juu amu imening'inia chini kabisa, ukikaza pale umeuambia mpira "hapa ndo nyumbani". Ukishusha gari amu inapanda, mpira tayari umeshajisokota na gari haijatembea hata mita moja. Ikipita shimo unajisokota zaidi. Usiku gari imepaki nje mpira uko umesokotwa, asubuhi hivyo hivyo. Jaribu wewe kulala umegeuza shingo pembeni usiku kucha, kesho yake ukimbie. Na mbele ya gari inakaa juu kuliko inavyotakiwa kwa sababu ule msokoto unaisukuma, kwa hiyo hata alaimenti uliyofanya siku hiyo ni ya urefu ambao sio wake.

Kwa hiyo rudisha matairi, shusha gari ardhini, iminye mbele kwenda chini mara kadhaa, isukume mbele mita tatu irudishe, ikae. Ukiwa na gereji yenye shimo hapo ndo pa kwenda, unaingia chini gari imesimama kwa miguu yake yote minne unakaza bolti za amu na nati za fimbo kwa raha. Kama huna shimo, pandisha matairi yote manne juu ya mbao pana nene zilizopangwa na kupigiliwa misumari, weka vizuizi kwenye matairi ya nyuma, hand breki, gia, na bado weka stendi chini ya chesisi bila kugusa, kama bima. Mimi nilifanya na mtu mwenye kilo kama zangu amekaa kwenye siti ya dereva, wengine watasema ni mbwembwe, haya.

Kuseti sasa, kwa uzi

Kitu pekee unachoseti ni matairi ya mbele kuelekeana, ile tou. Yaani ukiangalia kwa juu, matairi yawe yameelekeana kidogo sana kwa mbele, kama mtu anayetembea vidole vya miguu vinatazamana. Mimi naweka jumla ya milimita 2 mpaka 3, nimeridhika.

Unahitaji sakafu iliyonyooka, uzi wa fundi mwashi, stendi nne za kufungia uzi, na rula ya chuma ya milimita. Upepo wa matairi sawa. Usukani uwe katikati, zungusha mpaka mwisho kushoto, hesabu raundi mpaka mwisho kulia, rudi nusu, ufunge na kamba usitembee. Chini ya kila tairi la mbele weka vigae viwili vya sakafu, uso kwa uso, katikati grisi, tairi liweze kuteleza. Zamani tulikuwa tunatumia mifuko ya nailoni miwili na grisi, lakini tangu 2019 mifuko yenyewe hamna, vigae ni bora zaidi.

Funga uzi mmoja kila upande wa gari, urefu wa katikati ya hubu, kutoka nyuma ya gari mpaka mbele. Nyuzi mbili lazima ziwe sambamba, umbali kati yake mbele ya gari uwe sawa na nyuma ya gari. Halafu pima kutoka uzi mpaka katikati ya hubu ya nyuma, kushoto na kulia iwe sawa, na hubu za mbele hivyo hivyo kushoto na kulia sawa. Usishangae mbele na nyuma kutofautiana, hii gari mbele ni pana kuliko nyuma kwa kama milimita 10, kwa hiyo kila upande hubu ya mbele itakuwa karibu na uzi kwa milimita 5 hivi. Hapa watu wengi wanakosea wanavuta uzi ugusane na tairi la nyuma wanapima, wanapata namba za ajabu.

Ikishakaa, pima kutoka uzi mpaka ukingo wa rimu kwa mbele, na ukingo wa rimu kwa nyuma, tairi hilo hilo. Ukingo wa mbele ukiwa mbali na uzi zaidi ya wa nyuma, tairi linaangalia ndani. Tofauti ya kushoto jumlisha na ya kulia, hiyo ndo tou yako. Kurekebisha legeza nati ya kufungia kwenye tairodi endi, legeza na kibano cha ule mpira wa raki la sivyo utajisokota uchanike, zungusha fimbo ya tairodi nusu raundi, pima uone imeenda wapi. Gawa kazi nusu kwa nusu kushoto na kulia, ukizungusha upande mmoja tu gari itanyooka lakini usukani utakaa umeinama, na kona za kushoto na kulia zitatofautiana. Kila ukibadilisha sukuma gari mbele na nyuma kidogo ndo upime tena. Mara ya kwanza ilinichukua saa tatu. Mara ya pili dakika arobaini.

Baada ya hapo toa upepo kwenye breki, angalia spliti pini zote sita kwa macho yako mwenyewe, peleka matairi kwenye balansi maana rimu za miaka hiyo zinaweza kuwa zimepinda kidogo na huo mtetemo hauna bushi itakayoutoa. Tembea mitaani kwanza polepole usikilize, ukirudi shika kila hubu kwa mkono, moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake umekaza beringi kupita kiasi. Ukifika kilomita 500 rudi kwenye shimo, gusa nati zote kwa spana, rudisha uzi upime tena, mipira mipya inakaa na namba inasogea. Yangu ilisogea milimita moja, nikairudisha, tangu hapo nimeenda nayo Moshi na kurudi usukani umetulia, baba mdogo akaizungusha uwanjani akanirudishia ufunguo akaniuliza nimebadilisha gari.